Miaka Yangu ya Sauti ya Pili

Huu ni mwezi wa tatu tangu nistaafu kuimba, na nyie vijana wa bendi za mjini mmeniganda: Mama Aika, tuandikie, Mama Aika, tuandikie. Haya, naandika. Ila mjue naandika nimesimama, daftari nimeliweka juu ya pipa la maji, maana nikikaa kitako dakika kumi miguu inaanza kuwasha. Ndivyo nilivyoumbwa. Vyeo sitaviandika. Mishahara nayo sitaiandika, ilikuwa midogo na imeshaliwa. Nitaandika kazi, na nitaishia miaka ile betri za redio zilipokuwa adimu kuliko mvua ya Septemba, kwa sababu yaliyofuata mmeyaona wenyewe.

Nilianza kwaya mwaka wa Uhuru, usharikani kwetu Mbokomu, nikiwa msichana wa miaka kumi na sita mwenye gauni moja la Jumapili. Aliyetufundisha ni Mwalimu Anaeli, mtu mfupi, mkali, koti jeusi mvua na jua. Alikuwa na kile chuma chenye meno mawili kama uma. Akikigonga gotini na kukisogeza sikioni, sote kimya. Halafu anatoa sauti puani, mmm, na ole wako uidake vibaya.

Sasa sikilizeni alivyofanya kazi, maana ndipo balaa langu lilipoanzia. Kila sauti aliifundisha mbali na nyingine. Sauti ya kwanza walibaki kanisani kwenye mabenchi. Sisi wa sauti ya pili tulipelekwa kwenye kihamba cha mchungaji, katikati ya migomba, na ubao wetu umeegemezwa kwenye mti wa kahawa. Wanaume, sauti ya tatu na ya nne, walikaa nje barabarani wakijifanya wanajifunza. Tuliandikiwa do re mi zetu, tukaziimba wiki nzima bila kujua wimbo wenyewe ukoje. Jumamosi ndipo tulipokutanishwa. Wasichana wa sauti ya kwanza wanafungua midomo, na mimi nashangaa: kumbe huu wimbo una mambo mengine! Kwangu mimi wimbo ulikuwa ule wa kwenye migomba. Nyimbo zote za usichana wangu nilizijua kwa ubavuni.

Siku moja nilimfuata nikamwomba anihamishie sauti ya kwanza.

"Shikamoo Mwalimu. Na mimi nataka kuimba kule mbele."

"Marahaba. Kule mbele kuna nini?"

"Kunasikika."

Akanitazama, akakipangusa kile chuma chake kwa leso. "Aikande, wa kwanza ninao kumi na wanne, na wote wanapiga kelele kama kunguru. Wa pili wa kweli ninaye mmoja. Rudi kwenye migomba."

Nilirudi. Nilijivuna na nilikasirika, vyote kwa pamoja, na mguu wangu wa kushoto ulikuwa hautulii. Katikati ya tenzi alikuwa ananikemea, "Aikande, mguu!" bila kuacha kupunga mkono. Nilivumilia miaka mitano. Mwaka wa sita nikateremka tambarare kutafuta kazi.

Kiwanda nilichokwenda sitakitaja, aliyekuwepo anakijua. Kilikuwa katikati ya miwa, na wafanyakazi walitoka kila mkoa, hata Kichaga changu niliacha kukitumia isipokuwa nikijikwaa. Kazi yangu ilikuwa kushona midomo ya magunia. Jumapili mchana kulikuwa na bugi ukumbini, dansi la mchana, soda kwa vijana na pombe kwa wakubwa, na bendi ya wafanyakazi inapiga. Mwimbaji wake alikuwa Gaspari, Mngoni wa Songea, baba yake alikuja kukata miwa. Mrefu, mtaratibu, anaimba kama mtu anayekusimulia habari zako mwenyewe.

Nilisimama karibu na spika nacheza, na bila kujijua nikawa naimba naye, sauti ya pili kama kawaida yangu. Wimbo ulipoisha akainama kutoka jukwaani.

"Dada, hiyo sauti unayoificha hapo chini, hebu ilete huku juu."

"Mimi ni wa kanisani," nikamwambia.

"Na mimi ni wa kanisani. Panda."

Nikapanda. Basi, ndivyo nilivyoajiriwa, bila barua wala mtihani. Siku hiyo ya kwanza nilikishika kipaza sauti kwa mikono miwili na kukipachika mdomoni. Gaspari akacheka mpaka akakosa beti. "Usikile, Mchaga! Si hindi la kuchoma." Kipaza sauti kilikuwa kimoja kwetu sote wawili. Yeye alisimama mbele yake, mimi hatua moja nyuma ya bega lake la kulia. Hapo ndipo ofisi yangu ilipokuwa kwa miaka kumi.

Habari ilipanda mlima kabla yangu. Wazee wa usharika walikwenda nyumbani, wakamwambia Mama kwamba binti yake anaimba dansi na ametengwa na meza ya Bwana mpaka atubu. Baba alishafariki, kwa hiyo Mama aliwapokea peke yake, akawapa ndizi, wakala, wakaondoka. Nilipofika nilijiandaa kupigwa kelele. Mama alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua macho.

"Huko unaimba peke yako, au na mwenzako?"

"Na mwenzangu, Mama."

"Basi msikilize."

Hilo tu. Mama yangu hakuwa mtu wa kwaya. Kanisani alikuwa anasogeza midomo, na nyumbani sauti yake niliisikia akiita kuku. Nikaona amenichoka, nikanywa chai nimesimama, nikaondoka. Sikuvua hata viatu. Na hivyo ndivyo nilivyomtembelea miaka yote iliyofuata: mguu mmoja ndani, mwingine uko njiani.

Nyie wa leo mna nyaya nzuri. Sisi amplifaya yetu ilikuwa na tabia: ikipata joto inakoroma, ikipata baridi inanyamaza. Kule Kilema tulialikwa sherehe ya shule, lori likakwama kwenye tope, tukabeba vyombo kichwani tukipita kwenye kahawa za watu. Kufika, umeme hakuna. Gaspari akaimba kwa kifua chake tu, bila kipaza sauti, mbele ya umati uwanjani, na mimi nikagundua kazi yangu ni nini hasa. Alipoanza kuchoka nilimshika kwa chini, nikamnyanyua, na watu hawakujua kwamba amechoka. Nilifurahi sana siku ile. Kisha mkuu wa shule akasimama kushukuru: "Tunamshukuru Gaspari na wenzake." Nikahesabu mle kwenye "wenzake" nani na nani: mimi, besi, rizimu, tumba, na nadhani hata dereva wa lori.

Wimbo ule mnaoniulizia kila siku, Bado Kilima Kimoja, niliutunga mimi. Niliutunga kwa miguu, napanda kutoka Kiboriloni kwenda kwa Mama na kilo mbili za sukari na betri nne. Mama hakuniomba kanga wala nyama. Kila safari ni betri. Nilikuwa nalalamika njia nzima: huyu mama na hayo matangazo yake ya vifo redioni! Ndiyo nikaanza kuimba ili nisahau kulalamika: Mama, nimefika Kiboriloni, bado kilima kimoja. Nilimpelekea Gaspari ukiwa mbichi, nusu maneno, nusu mluzi. Akaunyoosha, akauimba yeye sauti ya kwanza, nami nikasimama begani pangu nikaufuata kwa ya pili. Tulipiga ule wimbo kila Jumapili, watu wanaomba urudiwe.

Redio ikatuita Dar tukarekodi. Tulisafiri juu ya lori, tumekalia vyombo. Chumba cha kurekodia kilikuwa na zulia ukutani na kipaza sauti kimoja katikati, kwa bendi nzima. Fundi mitambo, baba mmoja mpole mwenye miwani, alichora chaki sakafuni. Chaki ya Gaspari hatua moja kutoka kwenye kipaza sauti, chaki yangu hatua tatu. Ukikosea mnaanza upya wote, toka mwanzo, tumba na kila kitu.

Mara ya kwanza tukasimamishwa. "Dada, umevuka chaki."

Mara ya pili tena. "Dada, rudi kwenye chaki yako."

"Miguu yake haina breki," Gaspari akamwambia fundi.

Mara ya tatu nilijikaza. Nilisimama kama nguzo beti nzima, ya kwanza na ya pili. Kufika beti ya mwisho, ile ya kilima, sijui nini kilinipata, nikajongea hatua moja mbele. Nilimwona fundi nyuma ya kioo akishika kichwa. Lakini muda ulikuwa umekwisha, bendi nyingine iko mlangoni na ngoma zao, akatuambia basi, iacheni hivyo hivyo. Niliona aibu. Gaspari hakunisema, alinunua machungwa tukala nje.

Wimbo ukaanza kupigwa redioni. Nilipanda mlima mbio, nikamkuta Mama ameiweka redio juu ya kinu, na kwa bahati wakaupiga nikiwepo. Nilimwangalia usoni tangu mwanzo mpaka mwisho. Ulipoisha akauliza, kwa upole kabisa:

"Hapo, wewe ni yupi?"

"Yupi vipi, Mama?"

"Mimi namsikia mwanaume. Wewe uko wapi?"

Jamani. Nimezomewa na walevi, nimerushiwa kifuniko cha bia, hakuna lililonichoma kama hilo. Wimbo ni wangu, njia ni yangu, mama mwenyewe anayeimbwa ni huyu, na hanisikii! Niliteremka siku hiyo hiyo na neno moja kichwani: nitaimba peke yangu. Mama atanisikia mimi, hata kama ni mara moja, kabla hatujazikana.

Kumwambia Gaspari ilinichukua miezi. Nilimwambia tukiwa tunakunja nyaya.

"Unakwenda bendi gani?" akauliza.

"Hakuna bendi. Mimi."

"Wewe na nani?"

"Mimi na mimi!"

Akaendelea kukunja waya wake, taratibu, mduara juu ya mduara. "Haya dada. Nenda. Ila hiyo nafasi sitaweka mtu." Niliona ananitania, nikaondoka kwa hasira, tena hata sikumpa mkono. Nawaandikia hili ili mlijue: mkiachana na mtu jukwaani, mpeni mkono.

Sasa, kuimba peke yako siku zile kulikuwa kitu gani? Vyombo ni vya kiwanda, gitaa ni la kiwanda, hata suti ya jukwaani ni ya kiwanda. Nikaenda kwa Bwana Utamaduni kuomba kibali. Akanipa fomu. Jina la kikundi. Idadi ya wanakikundi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Nikajaza jina langu pote.

Akaisoma, akavua miwani. "Ndugu Aikande, wanakikundi wengine wako wapi?"

"Ni mimi tu, mzee."

"Ujamaa wa mtu mmoja?"

"Ndiyo naanza, mzee."

Alicheka, nadhani ndicho kilichoniokoa. Akagonga muhuri.

Onyesho langu la kwanza lilikuwa Kibosho, Jumapili mchana baada ya misa, ukumbi umejaa mpaka madirishani. Nilimpata mpiga gitaa wa huko huko, Felisi, fundi baiskeli mwenye vidole vizuri. Mazoezi tulifanya mara moja, naye alipiga gitaa tu, mimi nikihesabu na kumwonyesha pa kuingilia. Nilikuwa naitunza sauti. Kosa la kwanza hilo. Nikapanda, nikatangaza: Bado Kilima Kimoja. Makofi! Felisi akafungua. Nikafumba macho nikaimba.

Niliimba vizuri, nawaapia. Pumzi ilikuwepo, maneno yalikuwepo. Nilipofumbua macho nikaona watu wanatazamana. Felisi ananikodolea jicho, anatingisha kichwa. Mama mmoja wa benchi la mbele, mtoto mgongoni, akauliza kwa sauti, wala si kwa ubaya:

"Dada, mbona unauimba kwa pembeni?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Hapo ndipo masikio yangu yalipozibuka. Nilikuwa naimba sauti ya pili! Nimesimama peke yangu katikati ya jukwaa, nimeacha bendi, nimegombana na watu, nimegongewa muhuri, halafu naimba ubavu wa wimbo, wenyewe haupo. Nikajaribu kuhamia sauti ya kwanza. Neno la kwanza nikalipata, la pili nikateleza, la tatu nimerudi kule kule, kama ng'ombe anayerudi zizi alilolizoea. Na wimbo nimeutunga mimi! Nilitamani sakafu ifunguke.

Woga ukanifundisha hila. Nikapiga makofi nikasema, "Haya, nyie mnaujua kuliko mimi! Imbeni!" Wakaimba. Watu mia mbili wa Kibosho wakaishika sauti ya kwanza, na mimi nikaingia begani kwao. Aisee, paa lilitaka kung'oka. Walidhani nilipanga hivyo tangu mwanzo. Felisi naye alidhani hivyo, sikumsahihisha.

Basi nikawa maarufu kwa uongo. Mwika, Machame, Uru, Kilema, popote nilipokwenda nilianza maneno mawili, nikawaachia watu. Bwana Utamaduni alikuja kunitazama, akaandika kwamba msanii huyu anawashirikisha wananchi kwa roho ya kijamaa. Karatasi hiyo ninayo. Sikulala mahali pamoja wiki mbili. Felisi alioa, akatulia, nikapata mwingine, naye akatulia, nikajifunza kujipigia mwenyewe. Watu walisema Aikande hana kwao. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakimbia. Faraghani, njiani, nilijaribu sauti ya kwanza kila siku, na kila siku neno la tatu nateleza. Nikisikia wengine wakiiimba, mdomo wangu unakwenda wa pili wenyewe. Na kwa Mama sikuimba hata mara moja. Ningemwimbia nini? Pembeni?

Kisha vikaja vita, na baada ya vita dhiki. Sabuni foleni, sukari foleni, betri hazionekani kabisa. Mama alianika betri zake kuukuu juani kwenye bati ili zipate nguvu, na bado aliniuliza kila nikipita, "Betri umepata?" Nilikuwa nazitafuta mpaka mpakani, nikimnung'unikia. Siku moja nikamkuta ameibana redio kwenye sikio la kushoto. Nikamsalimia kutoka mlangoni, hakugeuka. Nikarudia, shikamoo Mama! Hakugeuka.

Nilimpeleka hospitali. Daktari akamchungulia masikioni, akaniambia la kulia limekufa, na la kushoto linafuata, pengine mwaka, pengine pungufu. Mama akauliza daktari amesema nini. Nikamwinamia kwenye sikio nikasema, "Anasema uko salama." Nikatoka nje nikalia kwenye ukuta wa hospitali, watu wananipita. Miaka yote hiyo nimekimbia huku na huku kama aliyepewa muda wa milele, na sikio lenyewe la kunisikia linaondoka!

Kesho yake nilikwenda Chekereni. Bendi ilishakufa, vipuri vya amplifaya vilikosekana, na Gaspari alikuwa analima mpunga. Nilimkuta kwenye jaruba, maji mpaka magotini, suruali amekunja. Alinitambua kwa mwendo.

"Ile miguu isiyo na breki," akasema.

"Kaka Gaspari, nilikukosea."

"Ulinikosea. Umekula?"

"Sijaja kula. Nimekuja kujifunza wimbo wangu."

Nikamweleza yote, Kibosho, hila yangu, sikio la Mama. Sikumficha kitu. Alisikiliza huku maji yanamzunguka, halafu akacheka, polepole, akajifuta macho kwa kiwiko.

"Kumbe ni wote. Mimi nikiuimba hapa mpungani peke yangu, nafika beti ya pili nanyamaza. Nakusubiri."

"Niimbie ya kwanza basi, niishike."

"Nikikuimbia ya kwanza, utakimbilia ya pili. Si ndiyo umesema? Leo naimba mimi ya kwako. Wewe huna pa kukimbilia."

Akaimba sauti yangu. Ee Mungu, aliimba vibaya! Bonge la mwanaume, kwenye tope, analazimisha sauti ya mwanamke. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Lakini nafasi yangu alikuwa ameikalia yeye, na iliyobaki wazi ilikuwa moja tu, ya kwanza. Neno la kwanza. La pili. La tatu sikuteleza. Tuliurudia mpaka jua likawa upande wa pili wa mpunga, na mara ya mwisho alinyamaza katikati, akaniacha niumalize peke yangu. Niliumaliza. Nilimpa mkono, safari hii mikono yote miwili, na tope lake.

Sikupitia popote. Nilipanda Kiboriloni, nikapanda kilima chetu, nikamkuta Mama amekaa kwenye kigoda, redio iko kinuni imezimwa.

"Betri umepata?" akauliza.

"Sikupata, Mama. Nimekuja kuimba."

Nikapiga magoti upande wa sikio la kushoto, karibu kabisa, nikaimba. Sauti ya kwanza, tangu Kiboriloni mpaka kilima cha mwisho, bila kuteleza hata mahali pamoja. Nilipomaliza nikamtazama kama nilivyomtazama siku ile ya redio.

Mama akatikisa kichwa.

"Huo ni wa yule mwanaume," akasema. "Wako hauko hivyo."

"Mama, wangu ndio huu. Nimejifunza ili unisikie."

"Kukusikia? Siku ile hukungoja nikusikie, ulikurupuka ukaondoka. Nikasema, huyu mtoto yumo humu, nitamtafuta. Nikawasha kila walipoupiga. Mwanzo nilikuwa nakupata mwishoni tu, pale unapokuja mbele kidogo. Nikakushika hapo, nikarudi nawe nyuma, mpaka nikakujua toka mwanzo." Akagusa redio kwa kidole. "Betri zilipoisha nikawa najiimbia."

Nikamsogelea zaidi.

"Imba wa yule mwanaume," Mama akasema. "Nikuonyeshe wako."

Nikaanza. Na mama yangu, ambaye miaka yote nilimsikia akiita kuku tu, akafungua mdomo akaimba sauti ya pili. Ndogo, ya kizee, imenyooka. Alivuta pumzi pale ninapovuta. Alilirefusha neno ninalolirefusha. Tulipofika beti ya mwisho akapandisha sauti kidogo, pale pale nilipovuka chaki, na kigoda chake nacho kikajongea mbele.

Nikavua viatu, nikaviweka nyuma ya mlango, nikamwomba turudie.